Namba Iliyoimbwa na Karakana Nzima

Bi Sentimita alikuwa mwoga tangu tumboni. Mama yake alipenda kusema kwamba hata siku ya kuzaliwa alichungulia kwanza. Aliogopa ngazi, aliogopa barua zenye muhuri, aliogopa mbwa wa watu na watu wa mbwa, na zaidi ya yote aliwaogopa wanaotabasamu kabla hawajasalimia. Kitu kimoja tu hakukiogopa hapa duniani, nacho ni kitambaa. Ungempa jora la bei ya kuuza shamba, angelitandaza mezani na kulipasua katikati huku akiulizia kama chai imechemka.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu ukimwambia dirisha lako ni kubwa kidogo, alikukodolea macho kama umemtukania ukoo. Kubwa kidogo ni sentimita ngapi? Hata wifi yake alipojifungua, Bi Sentimita alifika hospitali na utepe wa kupimia shingoni, akatangaza urefu wa mtoto kabla wengine hawajauliza kama ni wa kike au wa kiume.

Karakana yake ya mapazia ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, kati ya mchonga funguo na ofisi ya bima ambayo mlango wake haukufunga vizuri. Ndani mlikuwa na meza moja ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na pasi iliyokuwa ikitema maji kama mzee asiye na meno. Ukutani nyuma lilining'inia pazia la maonyesho, zito, rangi ya zabibu, na nyuma yake palikuwa na kiti, birika na nafasi ya mtu mmoja kulia machozi. Pale palikuwa panaitwa ofisini. Bi Sentimita akitaka kumkaripia mtu kwa heshima, alimwita ofisini, na karakana nzima ikasikia kila neno, kwa sababu pazia, hata likiwa zito namna gani, huzuia macho tu.

Wafanyakazi walikuwa wawili. Wa kwanza wifi yake, dada wa mume, aliyeshona haraka na kusema haraka zaidi. Wa pili mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wa kwao, mwanamume wa miaka thelathini na ushee aliyekata kitambaa kwa mstari ulionyooka kuliko maisha ya wengi wetu. Huyo aliitwa Mkasi.

Na karakana ilikuwa na sheria yake. Miaka iliyopita walimshonea mwenye hoteli mapazia ambayo, yalipotundikwa, yaliishia magotini mwa madirisha kama suruali za mtoto anayekua. Mmoja alisema namba, mwingine akasikia yake. Tangu siku hiyo ikapigwa marufuku kukata kimyakimya. Namba ikisemwa lazima irudiwe. Bi Sentimita alipaza, "Mia mbili na kumi." Wifi akaitikia kutoka kwenye cherehani, "Mia mbili na kumi." Kisha Mkasi akafunga, "Mia mbili na kumi, dada," na hapo ndipo mkasi ulipong'ata. Hilo neno dada ndilo lilikuwa kufuli. Kabla halijatamkwa, hakuna uzi uliokatwa.

Sasa tuje kwenye kadi.

Kadi ya mkopo aliletewa na bwana mmoja wa benki aliyekabwa na tai yake. Bwana yule alisema kadi ni rafiki. Bi Sentimita akauliza ni rafiki wa aina gani huyo anayekuja na kijitabu cha masharti. Lakini wafanyabiashara wote wa mtaa walikuwa nayo, na mwoga huogopa pia kubaki peke yake, akaichukua. Akaihifadhi ndani ya kopo la sindano, ili mwizi akitia mkono achomwe kwanza.

Ilikaa humo mpaka siku alipohitaji reli za mapazia ya ofisi ya daktari wa meno. Duka la reli lilikuwa mji mwingine, na mwenye duka akamwambia kwenye simu amsomee namba za kadi. Bi Sentimita akaitoa kadi kwenye sindano, akavaa miwani, na kwa kuogopa kukosea akazisoma mbilimbili, kwa sauti ileile aliyoijua, ya kazini.

"Arobaini na tano," alisema.

"Arobaini na tano," akaitikia wifi bila kuinua kichwa.

"Arobaini na tano, dada," akafunga Mkasi, chaki mkononi.

Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa namba, na tarehe yake, na zile tatu za nyuma ambazo bwana wa tai alisema hata malaika asizione. Daktari wa meno mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akisubiri kuchagua rangi, aliitikia mbili za mwisho ili asionekane hana adabu. Simu ilipokatwa ndipo Bi Sentimita alipong'amua walichofanya. Wakacheka mpaka wifi akaishikilia meza. Alicheka na yeye, ila mkono wake ulikuwa tayari umeishika shingo, kama watu wanavyoshika mahali patakapouma.

Wiki hazikuwa nyingi, meseji ya kwanza ikaingia. Alikuwa anapiga pasi. Simu ikatetemeka juu ya meza ya kukatia, ikajisogeza yenyewe kama mdudu, na alipoisoma, kadi yake ilikuwa imenunua kitu katika duka la viatu. Akaisoma tena. Akatazama miguu yake, kana kwamba huenda alinunua akasahau. Kabla hajameza mate ikaingia ya pili, chumba cha hoteli. Kisha ya tatu, manukato. Kulikuwa na mtu mahali fulani, mwenye viatu vipya, ananukia vizuri, anakwenda kulala kwenye shuka nyeupe, na mtu huyo alikuwa yeye. Pasi ilibaki pale ilipowekwa mpaka kitambaa kikaanza kunuka kuungua.

Ubaridi ulimwanzia kwenye visigino. Aliwahi kuibiwa mkoba sokoni, akajua wizi una mkono, una mbio, una mgongo unaouona ukipotea kwenye watu. Huu haukuwa na mgongo. Mlango ulikuwa umefungwa, kopo la sindano lilikuwa mahali pake, kadi ilikuwa ndani imelala kama mtoto mwema, na bado mtu alikuwa ameingia na anaendelea kuchukua.

Akaenda ofisini, nyuma ya pazia, akapiga simu benki. Benki ikampigia muziki. Ni muziki wa watu wasio na haraka na pesa zako. Baadaye akapokea mhudumu, mwanamke mwenye sauti laini kama sabuni iliyolowa, akaifunga kadi, akamwambia asiwe na wasiwasi, akamuuliza maswali mengi ya kutia wasiwasi. La mwisho lilikuwa hili:

"Je, kuna mtu unayemfahamu ambaye huenda anazijua namba za kadi yako?"

Bi Sentimita alisogeza pazia kidogo, achungulie karakana. Wote walizijua. Walikuwa wameziimba. Na wakati uleule mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Mkasi kutoka alikokuwa, akiongea na simu kwa sauti ya chini, na miguuni amevaa viatu vipya vya kahawia, vinang'aa kama gari la waziri.

"Bibi, bado upo?" akauliza mhudumu.

Alikuwepo, ila pumzi ndiyo ilikuwa imetangulia. Akasema kwamba hakumbuki vizuri, kwamba kuna pasi inaungua, kwamba atafikiria. Mhudumu akamwambia watampigia tena baada ya siku mbili tatu. Akiwa na jina, benki italipeleka polisi. Asipokuwa nalo, wataendelea na taratibu. Neno hilo, taratibu, limewakondesha watu wengi kuliko homa.

Pesa hazikuwa ndizo zilizomnyima usingizi, tuelewane. Pesa hata zikichanika hushonwa, utaona mshono lakini zitafaa. Aliyekuwa akimwogopea ni Mkasi. Mama yao alipougua na kutoinuka tena, mtoto huyo alikuwa bado anatambaa, na Bi Sentimita, msichana wa cherehani ya kukodi, alimlaza kwenye kikapu cha vipande chini ya meza na kumbembeleza kwa mguu huku mguu wa pili ukikanyaga pedali. Alimfundisha kushika mkasi kabla hajajua kushika kijiko sawasawa. Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, na hakuwahi kulilalamikia hilo, kwa sababu kikapu hakikuwahi kuwa kitupu. Kama kuna mwizi, mwizi ni mtoto huyo wa kikapu. Na akikamatwa, atakayekuwa amempeleka polisi ni dada yake.

Kumshirikisha mume haikuwezekana. Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na vyuma vilikuwa vimemla masikio. Kumwambia siri ilibidi upige kelele mpaka mtaa wa tatu, na mtaa wa tatu ungeleta maoni. Alijaribu mara moja wakati wa chakula. Mume akaelewa kwamba anataka kadi ya hospitali, akamuuliza anaumwa wapi. Akasema kila mahali, na haukuwa uongo.

Kwa hiyo akamwambia wifi, kosa ambalo ungedhani mtu wa umri ule ameshajifunza kuliepuka. Wifi alisikiliza huku akichomoa nyuzi kwenye sketi yake, kisha akatoa hukumu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, wifi."

Kwa watu wanaoshinda wamekalia nguo kutwa, methali hiyo ni uchokozi. Bi Sentimita akamuuliza ana maana gani. Wifi akasema hana maana, yeye ni mtu wa kushona tu, lakini macho anayo, na viatu vile havikuota miguuni kama kucha. Na hizo simu za kutoka nje kila mara anazungumza na nani? Halafu akarudi kukanyaga cherehani kwa moyo mwepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo na kuusahau juu ya mguu wa mwenzake.

Toka hapo Bi Sentimita hakuona tena karakana, aliona ushahidi. Mkasi akicheka, anacheka nini? Akinyamaza, ana nini moyoni? Akimletea chai, mbona leo kaweka sukari sawasawa? Simu ilipolia alishtuka, isipolia alishtuka zaidi. Aliota viatu vya kahawia vinapanda ngazi peke yake. Alipokuwa anapima dirisha la mteja utepe ukawa unapiga makofi ukutani, na mteja, mtu mwema, akamuuliza kama angependa kukaa.

Woga ukikaa sana kichwani huanza kujiona akili. Ndivyo alivyopata mpango. Alishika simu isiyo na mtu upande wa pili, akasimama katikati ya karakana, akatangaza kwamba benki imempa kadi mpya na sasa anaagiza kitambaa. Akaanza kusoma namba za uongo alizozitunga usiku. Hesabu yake ilikuwa hivi: mwizi atazimeza namba hizi na kwenda kuzitumia, na namba isiyo na kadi itamnasa. Itamnasaje, hilo alikuwa bado hajafika.

"Sitini na nane," alisema, na sauti ikapasuka.

"Sitini na nane," akaitikia wifi kwa nguvu, kama kwaya ya watu kumi.

Kisha kimya. Bi Sentimita akageuka. Mkasi alikuwa ameweka chaki mezani. Alimtazama dada yake, akaitazama ile simu aliyoishika kichwa chini, akatazama uso wake. Alichukua ufagio na kuanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Mtu mwingine angeona pale binadamu aliyeumia. Bi Sentimita aliona hatia inafagia sakafu.

Hata hivyo aliamua. Usimfikirie vibaya. Asubuhi ya siku ambayo benki ingepiga, alipokuwa anafunga kilemba chake mbele ya kioo, alijiambia kwa sauti kwamba hatasema. Watamuuliza, atasema hakuna, watu wote wanaonijua ni waaminifu, na deni likija atalipa kwa mikono yake mpaka vidole vikatike. Aliingia kazini ametulia hivi kwamba wifi alimuuliza kama amemeza dawa.

Simu ikalia. Akaenda ofisini, akavuta pazia la zabibu mpaka mwisho.

Mhudumu alikuwa yuleyule wa sabuni. Akasalimia, akathibitisha jina, akathibitisha tarehe ya kuzaliwa, akauliza swali lake. Je, kuna mtu?

"Hakuna," alisema Bi Sentimita.

Vidole vikasikika vinabonyeza kitu. Halafu mhudumu akauliza, kwa upole uleule, kama ana uhakika, kwa sababu simu hii inarekodiwa, na kutoa taarifa isiyo ya kweli ni kosa.

Ni maneno tu. Huyasema kwa kila mtu, kama konda asemavyo shukeni taratibu. Lakini yalimwingia Bi Sentimita visiginoni, na alipofungua kinywa kusema nina uhakika, woga ukatangulia mlangoni.

"Mdogo wangu," alisema. "Huenda ni mdogo wangu. Kanunua viatu."

Mhudumu akasema aha. Akabonyeza tena. Kisha akaeleza, bila kubadilisha sauti, kwamba benki ilikuwa imeshagundua chanzo. Wezi waliingia kwenye kompyuta za duka moja la reli za mapazia, mji mwingine, wakachota namba za kadi za wateja wote. Kadi nyingi zimeumia. Yeye hatadaiwa kitu, pesa zitarudishwa, kadi mpya itakuja.

"Na lile swali?" Bi Sentimita aliuliza.

"Lile tunamuuliza kila mteja, bibi. Ni taratibu. Je, kuna kingine naweza kukusaidia leo?"

Hakukuwa na kingine. Simu ikakatika, ikabaki ile sauti ya birika linalopoa. Na ndipo Bi Sentimita aliposikia kitu kilichomtia hofu ambayo hizo nyingine zote zilikuwa mazoezi yake. Alisikia kwamba cherehani haikuwa ikilia. Karakana nzima ilikuwa kimya. Pazia huzuia macho tu.

Alikaa pale na mkono kwenye ukingo wa kitambaa. Hakuwahi kuogopa kitambaa maishani mwake. Akakivuta.

Wifi alikuwa amejiinamia akitafuta sindano ambayo haikupotea. Mkasi alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ya kukatia, karibu kabisa, na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa anamletea chai. Akakiweka mezani polepole, asimwagie kitambaa.

"Kuna kiwanda kikubwa cha mapazia kilinitaka," alisema. "Wamenipigia simu mwezi mzima. Viatu nilinunua niende kuwaambia hapana kwa heshima."

Bi Sentimita akaanza kusema benki, akaanza kusema duka la reli, akasema niliogopa, akasema sikutaka, na kila neno lilitoka likiwa fupi kuliko alivyolikata. Mkasi alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyolelewa. Kisha akachukua koti lake, akaaga kwa kichwa, akatoka. Viatu vilisikika kwenye sakafu, vikapita kwa mchonga funguo, vikapita mlango wa bima usiofunga, vikaisha.

Wifi akainama tena kuitafuta ile sindano.

Usiku ule Bi Sentimita hakulala, na mume wake, ambaye hasikii kitu, alilisikia hilo. Alimshika mkono akaushikilia tu. Asubuhi alifungua karakana mapema, akawasha pasi, akatandaza kitambaa cha daktari wa meno, kile cha kijani kibichi, akakinyoosha, akakinyoosha tena. Kila hatua ya nje ilimfanya aache kupumua. Alipita mchonga funguo. Alipita mtu wa bima akigombana na mlango wake. Walipita watoto wa shule. Akajiambia kwamba kiwanda kikubwa lazima kina mlango mkubwa, na pengine wakati huo huo mtu alikuwa anaingia humo na viatu vya kahawia, anasema nimebadilisha mawazo.

Kisha Mkasi akaingia. Alikuwa amevaa kandambili zake za siku zote. Akamsalimia shikamoo kama kawaida, na Bi Sentimita akaitikia marahaba kwa haraka mno, kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka. Mkasi akatundika koti, akachukua chaki, akasimama mahali pake upande wa pili wa kitambaa cha kijani. Wifi akaingiza uzi kwenye sindano.

Kazi ilikuwa palepale. Bi Sentimita akashika utepe. Akapima, akapima tena, ijapokuwa alikuwa anakijua kipimo hicho kama jina lake.

"Mia mbili na kumi," alisema.

"Mia mbili na kumi," akaitikia wifi, kwa sauti ya mtu mmoja.

Mkasi akafungua mkasi. Ubao wa meza ulikuwa na mikwaruzo ya miaka yote hiyo, na baadhi yake ilikuwa ya mkono mdogo usiojua bado. Bi Sentimita aliikazia macho mikwaruzo hiyo, kwa sababu hakuthubutu kutazama juu zaidi.

"Mia mbili na kumi," alisema Mkasi.

Bi Sentimita akasubiri lile neno la kufuli. Mkasi hakuongeza neno, akakata. Ulikuwa mkato ulionyooka, safi, hauna kasoro hata ya uzi, na kitambaa kikaanguka pande mbili. Bi Sentimita alibaki ameushika utepe, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza kama kuna kitu bado kinakuja.